Nimesoma toleo la kwanza la Black Panther: Kirby kamwacha Stan Lee mbali

Nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba mjini Lubumbashi, si mbali na posta, kimebanwa kati ya kamusi na kitabu cha hesabu. Ni bedé (kitabu cha katuni) nene ya Kifaransa iliyokusanya matoleo ya mwaka 1966 ya Fantastic Four, mashujaa wanne wenye nguvu za ajabu wa kampuni ya Marvel. Papa muuzaji alitaka franka 40,000, tukaelewana 25,000, maana jalada limenyeshewa na kurasa zinanuka ukungu.

Nilikuwa nalitaka toleo namba 52, la Julai 1966, ambamo Black Panther anatokea kwa mara ya kwanza. Maneno ni ya Stan Lee, michoro ya Jack Kirby, wino wa Joe Sinnott. Mwaka huohuo mji wetu uliacha kuitwa Élisabethville ukawa Lubumbashi. Babu yangu alikuwa bado anazoea kuandika jina jipya kwenye bahasha, na kule New York kuna mtu anachora mfalme Mwafrika mwenye mitambo ambayo hakuikopa kwa yeyote.

Hadithi ni fupi. T'Challa, ndiye Black Panther, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, anawapelekea wale Wanne chombo cha kuruka kama zawadi, anawaalika nyumbani, na wakishafika anaanza kuwawinda mmoja baada ya mwingine. Sisi tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mwenyeji wake ndiye anayeshika silaha! Sababu ya uwindaji huo inaelezwa toleo linalofuata, la 53, na hapo ndipo pia unapojua kuhusu vibranium, madini ya kubuni ya Wakanda, na mzungu Klaw aliyeyafuata. Kwa hiyo ukisoma 52 peke yake unabaki unajiuliza mfalme mzima ana shida gani na wageni wake. Kwangu hilo ni kosa la mwandishi. Fumbo ni zuri, lakini tupe hata punje moja ya kushikilia.

Michoro sasa. Kuna msitu ambao si msitu. Mizizi ni nyaya, matawi ni mabomba, mawe yana vifundo vya kuzungushwa kama redio. Niliukalia ukurasa huo robo saa nzima, na umeme ulipokatika nikawasha tochi ya simu nikaendelea. Sinnott ameupitisha wino safi mno, chuma kinang'aa hadi unadhani kitakuacha na grisi kidoleni. Mimi nimekulia mahali ambapo ukiinua macho unaona bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na ule mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyushia shaba. Mashine kubwa si kitu kigeni kwangu. Ila zote nilizoziona zilikuwa za kutoa kitu hapa na kukipeleka kwingine. Za Kirby zimebaki kwao, zimeota ardhini kama miembe. Sikumbuki mchoro wa kigeni wa Afrika ulionikamata hivyo.

Na Panther mwenyewe! Weusi mtupu wenye mng'ao wa buluu, mwili umejikunja kabla ya kuruka, uso hauonekani hata kidogo. Mwanzoni Kirby alimbuni kwa jina la Coal Tiger, na kulikuwa na jalada la awali lililoacha sehemu ya uso wazi. Likabadilishwa, akafunikwa wote. Wapo wanaolalamika kwamba walificha ngozi yake kwa hofu ya wanunuzi, na naona wana hoja. Lakini kwa jicho tu, kinyago kizima kinatisha zaidi.

Kinachoniudhi ni viputo vya maneno. Ben Grimm, mmoja wa wale Wanne, anakiona kile chombo cha kuruka na jambo la kwanza kumtoka mdomoni ni kushangaa vipi mtu aliyetoroka kwenye filamu ya Tarzan amepata mtambo kama huo. Najua, Ben ndivyo alivyo, mdomo wake hauna breki, na hadithi yenyewe inamwaibisha baadaye. Hata hivyo nilihisi kwamba Lee naye anashangaa pamoja na Ben. Mchoraji ameshaamini Wakanda ipo, mwandishi bado anaomba radhi kwa msomaji. Tena anaandika mno. Kirby anakuonyesha mtu ananaswa, halafu kiputo kinakueleza kwamba mtu huyo amenaswa. Sue, mwanamke pekee kati ya Wanne, ndiye anayepunjwa kuliko wote: mwaka 1966 alikuwa ameshaolewa na bado anaitwa Msichana Asiyeonekana, na maneno anayopewa yanamfaa mtu wa kubeba mikoba.

Palipomfanikia Lee ni kwa Wyatt Wingfoot, rafiki wa chuoni wa Johnny Storm, mwingine wa wale Wanne, Mwamerika wa asili wa kabila la kubuni la Keewazi. T'Challa amemchunguza kila mwenye nguvu na kumtegea mtego wake, ila huyu kijana asiye na nguvu yoyote hakumhesabu. Ndiye anayewafungua wenzake. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Rangi za chapa hii zinang'aa kupita kiasi, nadhani karatasi ya zamani ya senti 12 iliupendeza mchoro zaidi. Basi, jambo dogo.

Mdogo wangu alipomaliza kulisoma aliniuliza: "Yaya, huyu mfalme bachimbaji yake beko wapi?" Nikarudi ukurasa kwa ukurasa. Hakuna. Nchi ina mali yote hiyo na hakuna hata mtu mmoja mwenye sepetu na vumbi usoni. Jirani zetu wawili wanashuka shimoni kila asubuhi, kwa hiyo yeye ameliona kabla yangu.

Michoro naipa 9 juu ya 10, maandishi 6. Kitabu chenyewe sinacho tena mkononi: mdogo wangu amekishikilia ukurasa wa ule msitu, ananakili nyaya moja moja kwa bic ya buluu kwenye daftari la fizikia.