Kliniki ya methadoni: maoni ya dada wa mgonjwa

Mdogo wangu anakunywa methadoni, dawa ya kutibu waraibu wa heroini (unga), kwenye kliniki ya hospitali moja ya serikali hapa Dar es Salaam, na mimi ndiye msindikizaji wake. Naandika kwa ajili ya familia zinazosema, "Mnamtoa kwenye unga, mnampa unga mwingine." Muhimbili walianza kutoa dawa hii mwaka 2011, lakini maneno hayo bado nayasikia.

Huduma ni bure. Dirishani anataja jina, muuguzi anampimia dawa ya maji kwenye kikombe kidogo. Anakunywa palepale, anashushia na maji, kisha anasemeshwa ili ijulikane kweli amemeza. Sijasikia mtu akiitwa teja pale ndani.

Muuguzi mmoja alitueleza vizuri sana. Heroini na methadoni zinakaa kwenye vipokezi vilevile vya ubongo. Alisema tuvione kama viti vya daladala: heroini inapanda kwa fujo, baada ya saa chache imeshashuka, viti vinabaki wazi na arosto, yaani mateso ya kukosa unga, inaanza: kamasi, kuhara, mifupa kuuma. Methadoni inapanda taratibu na kukaa mpaka kesho yake. Hata akipita kijiweni akavuta, unga unakuta viti vimejaa, stimu ile haipati.

Wiki za mwanzo ni ngumu, kwa sababu dozi inaanza ndogo na mgonjwa bado anatokwa jasho usiku akiomba aongezewe. Hawamuongezei haraka. Dawa hii inajilimbikiza mwilini siku hadi siku. Ukiikimbiza, au akichanganya na pombe au valiamu, anaweza kulala akaacha kupumua. Kwa msimamo huo nawapa alama zote.

Panaponiuma ni nauli na muda. Kila siku aende, Jumapili na sikukuu zimo, na kibarua cha zege hakimsubiri mtu aliye kwenye foleni. Waliotulia wapewe dozi za kwenda nazo nyumbani, wafanye kazi.

Jambo jingine: kama mgonjwa wenu ana TB, semeni mapema. Rifampisini, moja ya dawa za TB, inalifanya ini liivunje methadoni haraka, na arosto inaweza kurudi kabla ya asubuhi. Daktari akijua atapanga dozi upya. Chukueni kadi za dawa zake zote mnapokwenda, hata zile anazozificha.