TAHADHARI: Chupa ya kweli, pombe ya kujazwa – grosari za mitaani Mtwara na Lindi

Ndugu zetu wa Mtwara Mjini, Mikindani, Masasi, Newala, Tandahimba, mpaka Lindi na Nachingwea: minada ya korosho ikishaanza mwezi wa kumi na malipo yakaingia kwenye akaunti za wakulima, wachakachuaji wa pombe kali nao wanaingia kazini. Msidhani mzigo wao unauzwa vichochoroni tu. Unauzwa pia kwenye grosari safi, yenye friji na rangi ya kampuni ya bia ukutani, na muuzaji mwenye lugha nzuri. Kwa hiyo usiamini duka, kagua chupa.

Mchezo uko hivi. Chupa ni ya kiwandani kweli, lebo ni ya kweli, mara nyingine hata kizibo ni cha kweli. Kilichobadilishwa ni kilichomo ndani. Mizinga (chupa kubwa za 750 ml) na mabapa (chupa ndogo bapa) yasiyo na mikwaruzo hukusanywa kwenye baa, kumbi za sherehe na majalala, yakaoshwa na kujazwa upya. Anayejaza huanza kwa kuzimua pombe halisi kwa maji ili mzinga mmoja uzae miwili. Tatizo lake ni kwamba pombe kali nyingi za dukani zina kilevi cha asilimia 35 hadi 40. Ukiweka maji nusu kwa nusu inashuka mpaka 20 au chini yake, na mnywaji mzoefu anaitambua kwa funda la kwanza. Basi ili kurudisha ukali anaongeza spiriti ya kwenye dumu, na hapo ndipo anapohama kutoka kwenye wizi kwenda kwenye kuua. Spiriti za viwandani na za kusafishia huweza kuwa na methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, na anayeinunua kwa dumu hana maabara ya kupima.

Methanoli haina ladha wala harufu ya kukuonya, inafanana mno na kilevi cha kawaida. Mililita 10 tu, vijiko viwili vya chai, zinaweza kupofusha. 30 zinaweza kuua mtu mzima. Mei 2014 nchini Kenya, Embu na kaunti nyingine, makumi ya watu walikufa na wengine kupofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli. Kile kipimo cha vijiweni cha kumimina kwenye kijiko na kuwasha kiberiti hakifai kitu. Methanoli nayo inawaka, tena kwa mwali hafifu wa bluu. Kutikisa chupa na kuangalia mapovu nako usikutegemee.

Cha kutegemea ni kizibo, stempu na macho yako, kabla hujatoa hela.

Anza na kizibo. Pete yake ya chini imeshikana na kizibo kwa vishikizo vidogo vidogo vinavyokatika mara ya kwanza tu. Ukizungusha lazima usikie "kra" na pete ibaki shingoni. Wachakachuaji huilainisha kwa maji ya moto, wakaivua nzima na kuirudisha, kwa hiyo pete iliyovuliwa huwa imelegea, inacheza ukiigusa, au ina weupe mahali ilipovutwa. Wengine huigundisha kwa gundi, na hiyo haikatiki: kizibo na pete vinazunguka pamoja. Ukikuta hivyo, rudisha chupa hapohapo kaunta. Na muuzaji akisema "leta nikufungulie, bosi", mwambie utafungua mwenyewe. Akishafungua yeye, ushahidi wako umekwisha.

Kisha stempu. Tangu Januari 2019 pombe kali zinatakiwa ziwe na stempu ya kielektroniki ya TRA, Mamlaka ya Mapato. Pakua programu ya TRA iitwayo Hakiki Stempu kwenye simu, skani, halafu soma taarifa inayotokea. Usiridhike tu kwamba imekubali. Jina la kinywaji na la mtengenezaji vilingane na lebo iliyo mkononi mwako. Lakini elewa mipaka yake: programu inathibitisha stempu, haijui kilichomo ndani ya chupa. Stempu halisi iliyobanduliwa kwa mvuke na kubandikwa kwenye chupa nyingine itasoma vizuri kabisa. Kwa hiyo pitisha kidole pembeni. Stempu iliyohamishwa huwa na kingo zilizojikunja, gundi iliyovuja, kipande kilichopungua, au imekaa upande kiasi cha kufungua kizibo bila kuichana.

Mwisho omba chupa mbili au tatu za aina ileile uziweke pamoja kaunta. Mashine ya kiwanda hujaza kwa usawa. Mkono wenye faneli hauwezi. Ukiona moja imejaa mpaka shingoni na nyingine imeshuka chini ya hapo, ondoka. Zigeuze kichwa chini kwenye mwanga uone kama kuna vumbi au vinyuzi vinavyoelea. Angalia na namba ya toleo: chupa za boksi moja zikiwa na namba tofauti tofauti, mojawapo ikiwa imefifia kwa kuoshwa, hizo ziliokotwa.

Bei haitoshi kukulinda. Ni kweli kwamba maduka yanachukua mzigo kwa wasambazaji kwa bei zinazokaribiana, na rejareja faida kwa chupa ni ndogo, hivyo anayeuza chini sana ya majirani zake wote ana jambo. Ila mchakachuaji mjanja anauza bei ya kawaida ili usishtuke. Mteja akirudi kulalamika kwamba pombe ina harufu ya tina au imemuumiza kichwa kupita kawaida, jibu huwa lilelile: "Ni mzigo mpya, kiwanda kimebadilisha ladha." Usilikubali.

Viroba, yaani pombe kali ya kwenye vipakiti vya plastiki, havina mjadala. Vilipigwa marufuku nchi nzima kuanzia Machi 1, 2017, wakati Waziri Mkuu akiwa Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa hukuhuku Ruangwa. Anayekutolea kiroba chini ya kaunta anakuuzia kitu kisicho na mkaguzi. Pombe ya kupimiwa toti kutoka kwenye mzinga ambao tayari uko wazi iogope vilevile.

Kwenye bia wizi ni wa hela zaidi. Hesabu chupa za kwenye kreti, zitimie. Soma tarehe kwenye chupa zilizo chini, siyo za juu peke yake. Na ukiacha hela ya chupa, ondoka na karatasi iliyoandikwa idadi. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Jina likiwa la mtu binafsi wakati ukutani kuna lipa namba ya duka, kesho utaambiwa hela haikuingia. Dai risiti ya EFD (mashine ya kodi) kila mara. Ni wajibu wako kisheria, na bila hiyo huwezi kuonyesha ulinunua wapi.

Chupa zako tupu pia ni mtaji wao. Kabla ya kutupa mzinga, chana stempu, kwaruza lebo kwa kisu, tupa kizibo mbali na chupa. Wenye kumbi na baa hasa, tunawaomba sana hili. Usiku mmoja wa harusi unatoa malighafi ya wiki nzima.

Kwa aliyekwisha kunywa: dalili za methanoli hukawia, mara nyingi saa 12 hadi 24, kwa sababu sumu yenyewe ni asidi inayotengenezwa mwilini polepole. Ndiyo maana watu huidhania mning'inio. Kichwa kikali, kutapika, tumbo kuuma, kuhema haraka, na hasa macho kuona ukungu: usimpe maziwa, usimwache "alale itoke", wala usimpe tena chupa ileile eti kumtoa mning'inio. Mkimbize hospitali ya Ligula pale Mtwara, Sokoine pale Lindi, Ndanda, popote penye hospitali karibu, na mtamke wazi kwamba mnashuku methanoli. Dawa zipo, na sumu inaweza kusafishwa kwenye damu, ila kila saa inayopita inakula mishipa ya macho. Waliokunywa naye nao waende, hata kama wanajisikia wazima.

Bebeni chupa yenyewe ikiwa na kilichobaki, kizibo na stempu yake. Msiimwage kwa hasira. Itahitajika hospitali, na itahitajika TBS (Shirika la Viwango) kwenye ofisi yao ya Kanda ya Kusini pale Mtwara, TRA kwa upande wa stempu, na polisi. Kama ofisi hizo ziko mbali, anzeni kwa afisa afya wa kata au mtendaji, mkiwa na risiti, picha ya lebo, namba ya toleo na saa mliyonunua.