Lenzi ya kwanza isiyozumu kwa mpiga picha wa Mwanza: navyozipanga 35, 50, 24 na 85

Ukishaizoea ile lenzi ya mm 18-55 iliyokuja na kamera, kinachofuata kwa wengi ni kutafuta praimu, lenzi isiyozumu yenye tundu la mwanga la 1.8 (namba ikiwa ndogo tundu linakuwa kubwa), na hapo ndo watu wanachanganyikiwa maana kila unayemuuliza anakwambia chukua 50, hamsini ndo mpango mzima, unaichukua kweli afu unafika nayo sebuleni kwa shangazi Mabatini kwenye besidei ya mtoto, unarudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta na bado watu wawili wamekatwa. Lenzi yenyewe ni nzuri sana ila hakuna aliyekuuliza wewe unapenda kusimama wapi unapopiga.

Kwangu hilo ndo swali la kwanza, kabla ya bei na kabla ya kampuni. Chukua kamera ya kropu, yaani yenye sensa (kile kibapa cha ndani kinachopokea picha) ndogo kidogo, hizi Canon na Nikon za kawaida ambazo wengi tunazo, ishike wima, mpige mtu mzima kuanzia kichwani mpaka viatu uache na nafasi kidogo juu na chini. Kwa 24 utasimama meta 2 na kidogo. Kwa 35 kama meta 3. Kwa 50 ni meta 4 na nusu, na kwa 85 unaenda mpaka meta 7 na nusu. Sasa fikiria hizo meta ukiwa mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, asubuhi. Kwenye meta 2 unasalimia "mwangaluka mayu", unajibiwa, unaongea huku unapiga. Kwenye meta 7 na nusu watu wanne wenye matenga ya dagaa washapita katikati yenu kabla hujabonyeza.

Kujua ladha yako angalia picha zako za zamani, kila picha imehifadhi namba ya mm iliyopigiwa, ukiona nyingi ni 18 mpaka 24 wewe ni mtu wa kukaa karibu, ukiona 55 imejaa wewe unapenda kuvuta. Ila wengi tunazungusha ringi mpaka mwisho kwa mazoea tu, kwahiyo njia ya uhakika zaidi ni kuifunga na gundi ya karatasi kwenye 35 Jumamosi nzima, kesho yake 50, uone ni siku ipi ulikuwa unanung'unika.

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja ni 35. Kwa kropu hii ndo inakaribiana na jicho linavyoona, inafaa sebuleni, inafaa barabarani Makoroboi kwenye fremu za mafundi, inafaa kanisani, na mtu akikaa upande wa pili wa meza unampata bila kuegemea nyuma. Mwenye Nikon ana bahati, AF-S DX 35mm f/1.8G ya mwaka 2009 ni ndogo, nyepesi, inafokasi mpaka sentimeta 30 na bei yake haitishi. Mwenye Sony ya kropu kuna E 35mm f/1.8 OSS yenye kutuliza mtikisiko kabisa. Upande wa Canon 35 zao zinapanda bei, kwahiyo wengi wanaenda Yongnuo 35mm f/2 ambayo ina kelele wakati wa kufokasi lakini picha inatoa, au ile nyembamba 40mm f/2.8 STM ambayo mimi naipenda mno maana inaingia mfukoni na hakuna anayeshtuka ukiinyanyua.

Namba mbili, 50. Hii ni ya sura. Mzee anashona nyavu, umekaa meta moja na nusu, unafokasi kwenye jicho lililo karibu nawe, sindano ya nyavu na vidole vinaanza kulainika, nyuma mitumbwi imebaki rangi tu, hapo hamsini haina mpinzani kwa pesa yake. Na ukumbini usiku ndo utaielewa zaidi, ile 18-55 ukivuta mwisho inakaa 5.6, ukilinganisha na 1.8 mwanga unaoingia umezidi karibu mara 10, yaani palipokulazimisha ISO 6400 (namba ya wepesi wa sensa kwa mwanga, ikipanda picha inajaa chenga) sasa unaweka 640 na ngozi ya bibi harusi inabaki ngozi. Ya Canon chukua STM ya 2015, achana na ile ya zamani 50mm f/1.8 II, ya zamani mlango wake wa kufungia kwenye bodi, yaani kamera yenyewe, ni plastiki na apecha, lile tundu la mwanga, ina mabapa matano kwahiyo taa za nyuma zinatoka na kona kona, STM ina chuma na mabapa saba. Ila kama kazi yako kubwa ni picha za ukoo, mstari wa upana wa meta 5 hivi utakudai urudi nyuma zaidi ya meta 11, nyumba za kwetu hazina hiyo nafasi.

Tatu 24. Canon EF-S 24mm f/2.8 STM, gramu 125 tu, inafokasi mpaka sentimeta 16 kutoka kwenye sensa, unaweza kuingia mpaka kwenye dagaa walioanikwa ukaona macho yao mmoja mmoja na ziwa lote likaonekana nyuma. Tamu kwa anayependa kuwa katikati ya mambo. Usiku 2.8 inakunyima kidogo na sura ya mtu ukiisogelea sana pua inakua.

Nne 85. Naiweka mwisho kwa sababu ni ya kwanza kununua kwa watu wachache tu, wale wanaoishi kwa potreti za nje. Lakini ina jambo moja kubwa: msimamishe mtu ufukweni na Bismarck Rock nyuma yake, ukipiga na 24 jiwe linakuwa kadogo huko mbali, ukirudi nyuma na 85 jiwe linakuja kubwa limemsimamia mtu wako begani. Ndani ya nyumba isahau.

Yoyote utakayochukua, jua la saa sita la huku ukiweka 1.8 na ISO 100 linadai shata (muda wa kupokea mwanga) ya sekunde 1/8000 na kamera nyingi za bei ya chini zinaishia 1/4000, picha itaungua. Funga tundu mpaka 2.8 au 4, au subiri saa kumi na moja jioni Capri Point.

Ukinunua mtumba nenda na bodi yako. Wenye Nikon D3000 au D5000 na wadogo zake, hakikisha imeandikwa AF-S, zile AF-D hazitafokasi zenyewe kwenye bodi hizo maana hazina mota ndani. Afu fangasi, huku ziwani unyevu ni mwingi, na lenzi iliyolala kwenye begi mwaka mzima huota vitu kama nyuzi za buibui. Washa tochi ya simu, mulika kwa nyuma, chungulia mbele kwa pembeni. Za Canon apecha inakaa wazi yenyewe, za Nikon G inajifunga kwahiyo sukuma kile kipini kidogo cha nyuma kwa kidole. Ukiona nyuzi rudisha hata kama bei imeshuka nusu, na ukiona safi piga gazeti ukilishika mshazari kwenye 1.8, neno ulilofokasi ndo liwe kali kuliko la juu yake na la chini yake, hapo sasa ndo mzungumze bei.