Ziwa Duluti, Tengeru: uzoefu wangu na unachopaswa kujipanga nacho

Kama mnaishi Arusha, wageni wamewafikia, wamechoka kukaa sebuleni na hela ya kuwapeleka mbugani haipo, Ziwa Duluti linatosha kabisa. Ila jipangeni. Wengi ninaowasikia wakililalamikia walienda wakitegemea kitu kingine. Duluti si pa kuogelea. Anayetaka kuruka majini aende chemchemi ya Chemka kule Boma Ng'ombe, ajiandae na vumbi. Hili ni ziwa la kreta, yaani lipo kwenye shimo la volkano, lililozungukwa na msitu wa hifadhi, na raha yake ni kutembea, kupiga kasia na kutazama ndege. Mwenye spika yake aiache nyumbani.

Nilienda na mama mkwe aliyekuja kutoka Singida, pamoja na watoto. Kufika ni rahisi: panda daladala za Tengeru au Usa River, barabara kuu ya kwenda Moshi, kama kilomita 14 kutoka mjini. Ukishuka, bodaboda na bajaji zimejaa, na mwenye miguu anatembea tu. Pataneni bei kabla ya kupanda, maana wakiona kofia na mabegi wanajua mnaenda ziwani.

Eneo lipo chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, hivyo malipo ya getini ni ya serikali: unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu. Weka hela kwenye simu, usitegemee noti za mfukoni. Beba na kitambulisho, kiingilio cha Mtanzania si sawa na cha mgeni. Halafu elewa kwamba kiingilio ni kiingilio tu. Mtumbwi unajitegemea, wa kuwatembeza anajitegemea, kulala na hema nako kuna bei yake.

Kwenye mtumbwi ndipo nilipokereka. Nilishaongea mapema na jamaa mmoja anayekodisha, tukakubaliana bei ya familia nzima. Kufika pale, kila kichwa kikawa na bei yake. "Dada, ile niliyokutajia ilikuwa ya watu wawili." Nikafungua simu nikamwonyesha meseji yake mwenyewe. Akacheka, akamwamkia mama mkwe shikamoo kwa heshima zote, akashusha. Kwa hiyo bei iwe kwenye meseji, maneno ya mdomoni hayana ushahidi.

Bei ningesamehe. Majaketi okozi hapana. Ya wakubwa yalikuwepo ya kutosha. La mtoto lilikuwa moja, kifungo chake cha kiunoni kimekatika na mahali pake pamefungwa kamba ya katani. Tukaambiwa mdogo avae la mtu mzima, "halina shida, maji yametulia." Shida ipo, na kubwa. Jaketi lililomzidi mtoto likigusa maji linampanda juu, yeye anazama ndani yake. Kabla hamjaondoka ufukweni mvalishe, funga kila kitu, kisha mnyanyue taratibu kwa kushika jaketi mabegani. Kidevu na masikio vikipotelea ndani, halimfai. Mdogo wetu hakupanda. Alilia sana, bibi yake akamnyamazisha kwa maandazi.

Huko majini sasa, jamani! Maji ya kijani, matete pembeni, na mdiria mwenye madoa meusi na meupe anasimama hewani akipiga mabawa, halafu anajitupa kichwa chini, chubwi, anatoka na kisamaki. Kwenye gogo lililoanguka kulikuwa na kenge mnene, urefu wa mwanangu mkubwa, akatuangalia kwa dharau kisha akateleza majini. Mama mkwe, ambaye kwao Singidani ni ziwa la wazi lenye miamba, alishangaa tu kwamba hapa hakuna mto unaoingia wala unaotoka.

Njia ya kuzunguka ziwa ni ya kivuli na ina mizizi mingi. Mtu mzima hupita saa moja na kitu, watoto ongeza. Vaeni viatu vya kufunga na mchomeke suruali kwenye soksi, siafu wa pale hawana utani. Masika, Machi hadi Mei, udongo unateleza vibaya. Juni na Julai ni baridi na mawingu, Mlima Meru wenyewe unajificha. Nendeni asubuhi mapema, siku ya kazi, kabla mabasi ya shule hayajaingia. Chakula bebeni, mkifunge vizuri kwa sababu ya kima, na takataka mrudi nazo.

Mkiwa na muda, hapo hapo Tengeru kuna makaburi ya wakimbizi wa Poland, waliowekwa kambini huku kuanzia 1942. Kambi ilikuwa na karibu watu 5,000. Watoto wangu walichoka haraka, mimi ningekaa zaidi.

Naipa nyota nne. Ile ya tano imebaki kwenye kamba ya katani.

Jumatano na Jumamosi ni siku za soko la Tengeru. Parachichi ni nzuri na bei haiumi, lakini daladala za kurudi mjini jioni ni kugombania. Mama mkwe alinunua mkungu mzima wa ndizi, na konda akautoza nauli.