Pampu ya Mchina ya inchi tatu: injini iko poa, mipira yake ndiyo tatizo

Hii pampu ya maji inayotumia petroli nimeitumia misimu miwili ya kiangazi, kumwagilia nyanya na chainizi upande wa Kayenze, shamba linalopakana na Ziwa Victoria. Niliinunua mjini Mwanza kwa laki tatu na nusu. Ya Kijapani yenyewe walinitajia zaidi ya milioni.

Jina lililobandikwa kwenye tangi silitaji kwa sababu halikusaidii kitu. Duka la pili yake walikuwa na injini hiyohiyo, bolti kwa bolti, imepakwa rangi nyingine na kupewa jina lingine. Soma namba iliyopigwa kwenye chuma. Yangu ni 168F-2, yaani silinda moja yenye upana wa milimita 68. Pistoni inatembea milimita 54, ukipiga hesabu unapata cc 196. Hapo una nguvu ya farasi 6.5, hata stika ikidai 7.5. Ni kopi ya GX200 ya Honda, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuinunua: spea zinaingiliana, na fundi yeyote wa Buzuruga au Igoma ameshaifungua nyingi kabla ya yako.

Nguvu hiyo yenyewe ni ya usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134 juu, na injini ya aina hii hupoteza kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300. Huku kwetu unabaki na farasi tano na nusu hivi. Kunyonya nako kunapungua, kwa hiyo ile "mita 8" ya kwenye boksi isahau. Ishushe pampu karibu na maji kadiri unavyoweza, halafu iache isukume. Kusukuma inaweza sana, tabu iko kwenye kuvuta.

Sasa ubora. Chuma sina ugomvi nacho. Silinda haijaanza kula oili, moshi hauna rangi, ukivuta kamba unahisi kompresheni imeshika. Vilivyokufa vyote ni vitu vya mpira, plastiki na uzi. Kamba ya kuwashia ilikatika mapema. Nikaweka nailoni ya wavuvi kutoka Mwaloni, Kirumba, na hiyo naona itanizika. Mpira wa petroli ulipasuka kwa jua, nikaufunga wa pikipiki. Silensa ililegea nati mpaka ikaanza kugonga. Mpya ukiifikisha nyumbani, pita na spana kila mahali kabla hujaiwasha. Na oili haiji nayo, hata tone. Muuzaji asiyekwambia hilo ni wa kumkimbia, maana ndani hakuna pampu ya oili: kuna kijiko tu chini ya koneki (mkono unaounganisha pistoni na shafti) kinachorusha oili juu. Kijiko kikikosa cha kurusha, koneki inakamata na kuvunjika, na mara nyingine inatoboa bloku.

Oili inaingia kama lita 0.6. Ile ya kwanza imwage baada ya saa 20 za kazi, usisubiri zaidi. Yangu niliikinga kwenye kopo, nikaisogeza juani, ikawa inameta chembe za chuma. Hizo ni za meno ya gia na ringi zinazozoeana. Baada ya hapo ni kila saa 100, ingawa mimi kwa vumbi la huku sifiki huko.

Nikae kidogo kwenye waya wa njano, kwa sababu umeua injini nyingi pwani hii kuliko uchina wowote. Chini ya injini kuna sensa ya oili. Oili ikipungua, inakata moto wa plagi. Sasa ukingo wa ziwa umelala, mtu anaiweka mashine upande, oili inakimbilia kona moja, sensa inaona pakavu. Anavuta kamba mpaka bega linauma. Anamwita fundi, fundi anachomoa ule waya wa njano, mashine inawaka mara moja na fundi anaonekana mganga. Analipwa, anaondoka. Kuanzia siku hiyo hakuna kinachoilinda: oili itaisha kimyakimya na mashine itaendelea kunguruma mpaka koneki itoke nje. Kisha watu wanasema, "Si nilikwambia, ya Mchina." Chimba sehemu bapa kwa jembe, panga mawe, iweke hapo. Ikigoma, pima oili kwanza.

Jambo lingine ni bodaboda. Ukiifunga nyuma ya pikipiki huku koki ya petroli iko wazi, mtikisiko unafanya sindano ya kabureta ivujishe, petroli inateremka mpaka kwenye oili. Ukifika unakuta oili imepanda, nyepesi, inanuka petroli. Usiiwashe hivyo, badilisha. Mimi kabla ya kuibeba nafunga koki naiacha inguruma mpaka izime yenyewe, kabureta ibaki tupu.

Petroli ya chupa za barabarani nayo ina mambo. Ikianza kukohoa, legeza bolti iliyo chini ya kikombe cha kabureta, kinga kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa. Utaona maji yamekaa chini kama shanga, petroli juu. Dakika tano umemaliza, hakuna haja ya fundi.

Kwa upande wa pampu yenyewe, sili, ile inayozuia maji yasivujie upande wa injini, ndiyo roho. Jaza maji kwenye tundu la juu kabla ya kuwasha, maana ikizunguka kavu sili inaungua haraka. Ukiona matone katikati ya pampu na injini, ni yenyewe. Ibadilishe mapema kabla maji hayajafika kwenye beringi. Mdomo wa kunyonya nauweka ndani ya ndoo iliyotobolewa, ikielea juu ya mchanga, vinginevyo magugumaji na mchanga vinakula feni ya ndani ya pampu inayosukuma maji. Hilo nadhani hata ya Kijapani lingeisumbua vilevile.

Msimu wa pili ilikuwa inagoma kuwaka ikiwa ya moto. Plagi nzima, petroli safi. Fundi alifungua kifuniko cha valvu akakuta nafasi ya valvu imebana, inatakiwa milimita 0.15 ya kuingiza na 0.20 ya ekzosi, injini ikiwa baridi. Akairekebisha, ikatulia. Wengi hawapimi, wanabadilisha koili bure.

Mafuta inakunywa kama lita moja na nusu kwa saa ukiibana sana, nikishusha mwendo inapungua. Kwa bustani ya ekari moja na kitu inanilipa. Mwenye shamba kubwa la kumwagilia kutwa nzima atafute dizeli ya kupozwa kwa maji, hii itamfilisi kwa petroli kabla haijaharibika.

Kilichobaki kunisumbua ni futivalvu, ile valvu ya mwisho wa mpira wa kunyonya inayozuia maji yasirudi. Ya plastiki iliyokuja nayo ilipasuka, niliyonunua badala yake nayo imepasuka. Anayejua duka hapa mjini linalouza ya shaba ya inchi tatu anielekeze, bei tutaongea.