Kilemba cha Lilly Daché: Tazameni Mikunjo Yake

Watazamaji wangu wapenzi, karibuni. Kilemba hiki kina lebo ya Lilly Daché, mbunifu wa kofia wa New York, na tangu nilipokitoa kwenye boksi sijachoka kukishika. Rangi na ukubwa mnaviona wenyewe, kwa hiyo naenda moja kwa moja kwenye mikunjo.

Nakisogeza karibu na kamera. Fuateni kidole changu: mkunjo huu unaanzia juu ya sikio la kushoto, unapanda hadi utosini, unapita chini ya mwenzake, kisha unazama kisogoni bila uzi wowote kuonekana. Sasa nakigeuza ndani, nanyi mnaviona vishono vidogo vidogo vya mkono vinavyoshika kila mkunjo mahali pake. Kilemba tunachojifunga nyumbani hulegea kabla ya jioni, lakini hiki kimekaa hivi kwa miongo mingi. Daché alisifika kwa kukunja na kukata kitambaa juu ya kichwa cha mteja mwenyewe, na ndiyo maana hata Carmen Miranda, mwimbaji na mwigizaji wa Brazili, alivaa vilemba vyake.

Daché, aliyekuwa Mfaransa, alifika New York mwaka 1924, na kufikia 1937 alikuwa na jengo lake East 56th Street. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliwabunia wanawake wa viwandani kofia zenye kigao cha jua, pamoja na nyavu za rangi za kufungia nywele. Mwaka 1943 alipata tuzo ya Coty, tuzo ya mitindo ya Marekani, na wapinzani wake, watengeneza kofia John-Frederics, walituzwa mwaka huohuo. Zamani niliwaona hao kuwa ndio mabingwa. Leo, baada ya kugeuza kilemba hiki ndani nje, nimebadili mawazo.

Nimelipa dola 90, bei ambayo mwanzoni iliniuma. Mwenye bajeti ndogo atafute lebo ya Dachettes, ambayo Daché aliianzisha kwa ajili ya bei nafuu. Nitaichambua katika video ijayo.

Mbunifu wa mavazi Halston naye alifanya kazi kwa Daché kabla ya kutengeneza kofia aliyoivaa Jacqueline Kennedy, mke wa Rais wa Marekani, mwaka 1961. Hata hivyo, nywele za kutuniswa zilikuwa zimeanza kuzisukuma kofia pembeni, na Daché akafunga biashara mwaka 1968. Sasa nakivaa: tazameni hapa sikioni kinavyokaa, bila pini hata moja.