TAHADHARI: Anayeuza turbo "mpya" kwa sharti umwachie ile yako ya zamani

Wakuu someni hii kabla hamjatoa hela kwa mtu wa turbo (kile kifaa cha kusukuma hewa kwenye injini) "mpya kwenye boksi" anayetaka umwachie ya zamani. Mimi nimeshapigwa na nimeumia sana, sitaki mwingine apite nilipopita.

Vani yangu ni ya dizeli. Ilianza kukosa nguvu, kwenye tambarare inaenda ila ikikuta kamlima tu na mzigo ndani haivuti, nakanyaga mafuta mpaka mwisho resi ikifika kama 3000 haipandi tena, taa ya injini imewaka. Nikizima nikawasha nguvu inarudi, haichukui muda yale yale. Nikachomeka skana ya gari ikasoma kodi ya hitilafu P0299, nikampigia picha muuzaji mmoja wa spea niliyempata mtandaoni. Hakuuliza hata swali moja. Akajibu turbo imekufa hiyo, nakupa nyingine, ya zamani niachie nikupunguzie bei. Nikamwamini kwa vile alivyojibu haraka na kwa uhakika.

Jamani P0299 haisemi turbo imekufa! Inasema hewa inayosukumwa kwenye injini ina presha ndogo kuliko ile kompyuta ya gari inayoitaka, basi. Turbo inaweza kuwa mbovu kweli, lakini inaweza pia kuwa mpira wa intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) umechanika, klampu imelegea, kampira kembamba ka vakyumu kametoboka, valvu ya EGR (inayorudisha moshi kiasi kwenye injini) imegandia wazi au eksozi imeziba. Muuzaji wa turbo hilo analijua, ndio maana hakuniambia nipime kwanza.

Ile turbo aliyoniuzia nikaifunga mwenyewe nyumbani, siku nzima imeisha maana boliti zilishika kutu, nawasha gari ni ile ile haivuti na sasa inatoa moshi wa bluu. Nikafungua tena. Shafti nikiisukuma inaenda mbele na nyuma, na hapo haitakiwi kucheza kiasi cha kuhisi kwa mkono (kucheza kidogo pembeni ikiwa kavu bila oili ni kawaida, msichanganye), ncha za mapanga zimekwaruzana na ganda, kibati cha namba kimesagwa na juu ya kutu imepuliziwa rangi ya fedha. Ni turbo chakavu imeoshwa ikapakwa rangi. Ile yangu niliyompa ilikuwa nzima kabisa, shafti haiendi mbele wala nyuma, mapanga safi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mpira wa kutoka turbo kwenda intakula, umechanika upande wa chini usikoonekana, mchaniko urefu wa kidole. Kilichonionyesha ni oili, pale pamelowa na vumbi limeganda wakati mpira mwingine wote mkavu. Ukiuangalia injini ikiwa imewaka gari imesimama huoni kitu maana presha bado ndogo, unafunguka ukikanyaga mafuta na mzigo. Mimi nilihakikisha hivi: injini imezimwa, nikatoa mpira wa hewa nikaziba mdomo wa turbo, nikaingiza upepo taratibu usiofika presha ya 1 bar (usizidishe, utarusha mipira), nikapaka maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Povu lilitoka hapo hapo. Kampira, klampu mbili, ndio kazi yote iliyohitajika.

Nilipomrudia jamaa akasema nimefunga vibaya, turbo imekosa oili. Nikamtumia picha za kibati kilichosagwa, akanibloku. Sasa kilichoniuma zaidi, siku chache baadaye kwa akaunti ya mtu mwingine nikaona tangazo lake, turbo "mpya" na kwenye ganda kuna mistari miwili ya bisibisi, alama niliyoweka mimi mwenyewe wakati naifungua ili nijue ganda linakaa vipi. Yaani alichukua nzima yangu akanipa kimeo, halafu yangu anaiuza upya.

Kwa hiyo turbo yako usiitoe mkononi mpaka mpya imefungwa na gari imepanda mlima na mzigo, na akikataa kukutumia picha ya kibati cha namba achana naye. Na ukikutana na turbo ya vani inauzwa ina mistari miwili sambamba imechorwa kwa bisibisi karibu na klampu ya ganda, nitumie ujumbe tafadhali, ni yangu hiyo.